Sukari Iliingia kwa Mlango Gani? Hadithi ya Shosho, Reli na Nanasi la Thika

Shosho wangu wa Gatundu aliacha sukari kwa chai siku ile daktari alimwambia ana kisukari. Aliacha kabisa, bila drama. Bakuli la sukari likatolewa mezani likapandishwa juu ya kabati. Lakini kila akipimwa, vipimo vilikataa kushuka. Sisi wajukuu tukaanza kunong'ona eti lazima analamba sukari usiku.

Mpaka Disemba moja binamu yangu akakaa kwa kochi, akaanza kusoma nyuma ya pakiti za vitu tulikuwa tumembebea kutoka Thika. Juisi ya boksi, yoguti ya stroberi, biskuti, mkate. Vyote vinne vilikuwa na sukari. Kwa juisi na yoguti ilikuwa jina la pili kwenye orodha. Yaani mwizi wa usiku tulikuwa sisi, na tulikuwa tunaingia mchana, mikono imejaa, tukipokea baraka.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: nani alituambia kwamba heshima kwa mzee hupimwa kwa vitu vitamu? Nikaanza kufuatilia nyuma, na wasee, hii stori ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Utamu wenyewe si mgeni huku kwetu. Kabla ya reli, Wakikuyu walikuwa na asali na miwa. Miwa ilitwangwa kwa kinu, maji yake yakachachushwa kwa tunda la mwegea, ikawa muratina. Hiyo ndiyo pombe iliyopelekwa kwa ruracio, na wazee ndio walikunywa. Kijana wa rika langu angeambiwa akae kando. Kwa hivyo utamu ulikuwa na siku yake na mtu wake. Mtoto alitafuna kipande cha muwa, meno yakafanya kazi, kikaisha. Hata leo pale stage ya Thika utapata jamaa wa mkokoteni akimenya miwa na kuikatakata, na jaribu uone kama utamaliza muwa mzima kwa dakika mbili. Juisi ya boksi unamaliza kabla mat haijajaa.

Sukari nyeupe ni hadithi nyingine, na mwanzo wake si mtamu. Huko Pangani, pwani ya Tanganyika, karne ya 19, mashamba ya miwa yalilimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, yule tunayemkumbuka kwa kuwapiga Wajerumani mwaka 1888, naye alikuwa na shamba lake la miwa hapo. Historia ni hivyo, shujaa wako anaweza kuwa bosi mbaya wa mtu mwingine.

Kwetu Kenya, kiwanda cha Miwani karibu na Kisumu kilianza 1922. Uganda, Nanji Kalidas Mehta akafungua cha Lugazi 1924. Ramisi kule Kwale nacho kikaja miaka hiyo hiyo ya 1920. Reli ilikuwa imefika Thika tangu 1913, na palipo na reli pana duka. Duka likauza vitu viwili vilivyotembea pamoja kama mapacha: majani ya chai na sukari. Vilinunuliwa kwa pesa, na pesa ilikuwa ngumu, kwa hivyo kumpelekea mtu sukari kulikuwa kumwonyesha unamthamini. Hapo ndipo naona mzizi wa ile shopping yetu ya ushago. Bado tunabeba majani na sukari, kilo mbili, hata kwa mtu mwenye kisukari, kwa sababu kufika mikono mitupu ni aibu.

Baada ya Uhuru serikali ilitaka nchi ijitosheleze. Muhoroni 1966, Chemelil 1968, Mumias 1973. Sukari ikaacha kuwa kitu cha wageni, ikawa kitu cha kila asubuhi.

Lakini sikia, mpaka hapo sukari bado ilikuwa kwa bakuli. Unaiona. Unachota mwenyewe, kijiko kimoja, viwili, mama anakuangalia. Mabadiliko makubwa yalikuja sukari ilipotoka kwa bakuli ikaingia kiwandani, na hapa ndipo Thika yetu inaingia kwa stori.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nanasi za Thika zilianza kutiwa kwenye mikebe na Kenya Canners, kampuni ambayo baadaye ilikuja kuwa Del Monte. Mikebe mingi ilipanda meli kwenda Ulaya. Nanasi la mkebe linaweza kuzamishwa kwa juisi yake lenyewe au kwa shira, yaani maji ya sukari. Fikiria hilo kidogo. Tunda ambalo ukilikata pale barabarani linakudondokea utamu mpaka kwa kiwiko, halafu mtu anaona halijatosha.

Kisha viwanda vikajaa. Thika ikatengeneza mikate, mafuta, juisi. Ruiru ikapata maziwa ya Brookside miaka ya 90. Sisi wa huku tulipata kazi kutoka kwa hivyo viwanda, mimi siwezi kujifanya sijui. Karo za watu wengi mtaani zimetoka hapo. Ila kijiko kilihama mkono. Sasa anayechota hakujui, na hajui shosho wako ana nini.

Hesabu ni rahisi. Shirika la Afya Duniani lilisema 2015 kwamba mtu mzima asipitishe kama gramu 50 za sukari kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25, ambayo ni kama vijiko sita vya chai. Sasa chukua boksi la juisi la mililita 250. Lebo ikisema gramu 11 kwa kila mililita 100, hapo kuna gramu 27 na nusu. Siku yako imeisha na hujala mandazi. Na sukari ya tunda likishakamuliwa inahesabiwa pia, kwa hivyo usitulizwe na maandishi ya mbele.

Mbele ya pakiti ni matangazo. Geuza nyuma. Viungo hupangwa kwa uzito, kikubwa kwanza. Jina likiishia na -ose, mara nyingi hiyo ni jamaa ya sukari. Ukiona E950, E951 au E955, hizo ni dawa za utamu zisizo sukari, na mwaka 2023 shirika hilo hilo lilishauri tusizitegemee kupunguza uzito. Sioni faida ya kumfukuza mwizi na kumkaribisha binamu yake.

Juni 2024 tulipiga kelele mpaka VAT ya asilimia 16 kwa mkate ikatupwa. Tulijua bei ya mkate mpaka shilingi ya mwisho, lakini wangapi tulikuwa tumesoma kilicho ndani yake? Chile waliweka alama nyeusi mbele ya pakiti mwaka 2016, Mexico wakafuata 2020. Unaiona ukiwa bado mbali na rafu. Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari. Kwa maandishi madogo ya nyuma yanayohitaji tochi ya simu, mimi naona hiyo haki tumepewa nusu.

Mwezi jana nilikuwa kwa ruracio huko Ruiru. Muratina ilikuwa kidogo, kwa wazee wachache. Soda zilikuwa kreti baada ya kreti, na watoto wa miaka minne walikuwa kwa chupa ya pili.

Kwa shosho siku hizi tunapeleka mala ya kawaida, avokado na njugu zisizo na kitu. Mara ya kwanza alifungua mfuko, akaangalia ndani, akatuangalia, akauliza kwani Thika maduka yamefungwa.