Taharuki Mbili na Hodi Moja

Gazeti likiandika "taharuki yatanda", ujue watu wamekimbia: fisi kaonekana mtaani, au lori la mafuta limepinduka. Mwalimu wa fasihi naye huliandika neno lilelile ubaoni, lakini kwake taharuki ni msomaji kubanwa na hamu ya kujua kitakachofuata huku mwandishi akimcheleweshea jibu. Ukifuata asili, gazeti ndilo lililo karibu zaidi. Taharuki ni ndugu wa harakati, na mzizi wao wa Kiarabu ni mwendo. Ajabu ni kwamba taharuki ya mwalimu humfanya mtu ashindwe hata kuinuka kitini.

Filamu za watu kuvamiwa majumbani huanza na taharuki ya mwalimu, na nyingi huishia kwenye ile ya gazeti. Chukua Panic Room ya David Fincher, ya mwaka 2002. Mama na bintiye wamehamia jumba kubwa la New York. Usiku wa kwanza tu wanaingia wezi watatu, nao mama na binti wanajifungia katika chumba cha chuma. Kumbe mali wanayoitafuta wezi imo humohumo. Hapo pamesukwa vizuri: aliye ndani hathubutu kutoka, na aliye nje hawezi kuondoka. Fincher pia ametutembeza ngazi, lifti na milango mapema, kwa hiyo mwizi akisogea tunajua yuko wapi.

Jina Panic Room ukilitafsiri neno kwa neno unapata "chumba cha hofu", na mtu wa Chumbageni, Tanga, atadhani ni chumba chenye mashetani. Wanausalama wangesema "chumba cha kujihami". Mimi nachagua "chumba cha kujifungia", maana kujifungia ndiko kunakoleta balaa lote.

Udhaifu wa filamu hiyo unaanza visingizio vinapopangwa foleni. Simu ya chumbani haijaunganishwa, ya mkononi haishiki mtandao, mtoto ana kisukari na sukari yake inashuka. Kila kimoja kinaaminika. Vyote usiku mmoja, hapana. Kisha zinakuja nyundo na bastola, na wale wa vibanda umiza wanaojua kuwa steringi hafi wanaanza kupiga soga.

Na aina hii ya picha tuiiteje? (Wazee wa Tanga bado husema "kwenda picha", nami siwasahihishi.) "Filamu ya uvamizi wa nyumbani" inanuka jalada la polisi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina kuvunja nyumba, ina pia unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao kifungo chake hakipungui miaka 30. Maneno hayo yanaanzia mlango ulipovunjwa. Hofu imeanza kabla.

Katika Funny Games ya Michael Haneke, ya 1997, havunji mtu kitasa. Kijana mwenye adabu, glavu nyeupe mikononi, anakuja kuomba mayai kwa niaba ya jirani. Kwetu pwani hilo linachoma kuliko huko Austria kwao Haneke, maana aliyetumwa kuazima chumvi hafungiwi mlango, na "karibu" humtoka mtu kabla hajaona sura ya aliyebisha. Ram Gopal Varma alilijua hilo katika Kaun? ya 1999, picha ya Kihindi isiyo na wimbo hata mmoja: Urmila Matondkar yu peke yake, televisheni imetangaza muuaji, mvua inanyesha, na mwanamume yuko mlangoni. Kaun ni "nani", swali lilelile tunaloulizia nyuma ya komeo.

Kwa hiyo napendekeza tuziite picha za hodi. Hodi ikipigwa, isipopigwa au ikiwa ya uongo, ndipo taharuki ya mwalimu inapoanzia. BAKITA wakiwa na jina bora walilete. Wewe msomaji, anza na Kaun?, kisha tazama Panic Room. Funny Games iache ya mwisho, tena watoto wakiwa wamelala.