Sheria za Kuwarudisha Watu Kwao, na Mzigo Uliobaki Nyumbani



Baada ya hesabu za fedha twaomba nafasi ndogo ya kueleza historia. Sababu yake yajulikana. Katika mkutano mkuu ilitolewa hoja kwamba msaada wa chama usipewe mtu aliyehamia Kakamega kutoka kwingine, kwani wageni, yasemwa, huja kula akiba ya wenyeji. Hoja hiyo haikupigiwa kura. Kabla haijarudi, yafaa tukumbuke kwamba maneno hayo hayo yalikwisha kusemwa juu yetu sisi, tena yakaandikwa kuwa sheria.

Sheria ya Kuandikisha Wenyeji ilitungwa mwaka 1915, lakini haikutiwa nguvu ila baada ya vita kwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuchukua kipande atokapo kwao, nacho kilitiwa katika kikopo cha chuma kilichofungwa kwa kamba shingoni. Ndani yake mliandikwa jina, kabila, alama za vidole, mshahara, na siku ya kuingia na kutoka kazini. Aliyeondoka bila sahihi ya bwana wake alihesabiwa mtoro. Kufika mwaka 1928 watu wapatao 675,000 walikuwa na vipande. Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote. Wazungu walipoambiwa watoe nao alama za vidole, walipiga kelele nyingi mno, wao ambao kwa miaka karibu thelathini hawakuona neno baya katika vidole vyetu.

Mjini mambo yalikuwa magumu zaidi. Sheria ya Wazururaji ya mwaka 1920 ilimwezesha polisi kumkamata mtu asiye na kazi wala makao, na sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1997, miaka 34 baada ya uhuru. Katika miaka ya 1940 Mwafrika asiye na kazi hakuruhusiwa kukaa Nairobi zaidi ya saa 36 bila cheti. Kisha mwaka 1949 ikaja sheria nyingine juu ya wale walioitwa wasio na kazi kwa hiari yao. Ndivyo mtu wa Maragoli au Bunyore alivyokuwa mhamiaji haramu katika nchi yake mwenyewe.

Sheria hizo zote zilitegemea wazo moja, nalo ni kwamba kila Mwafrika ana shamba kwao, na shamba hilo ndilo chakula chake cha uzeeni na matunzo yake akiugua. Mshahara ulipimwa kumtosha mtu mmoja asiye na mke. Kamati ya Bwana Carpenter ilipochunguza mishahara mwaka 1954, ilipendekeza mshahara utakaoweza kulisha jamaa nzima. Maana yake ni kwamba mpaka siku hiyo mama zetu na majembe yao ndio waliokuwa wakimlipia tajiri wa mjini sehemu ya gharama zake. Mji ulichukua nguvu za kijana. Alipovunjika mguu ulimpandisha gari la moshi. Naye alirudi penye mashamba yaliyokwisha kubanana.

Hapo ndipo vyama kama hiki vilipopata kazi: nauli ya aliyekwama, jeneza, chakula cha siku za kwanza. Lakini tusijisifu kupita kiasi. Baadhi ya vyama vya watu wa Nyanza mijini viliwakamata wanawake waliokwenda kujitafutia maisha, vikawarudisha kwa nguvu, na serikali ikafurahi kwamba wenyewe twamfanyia kazi yake.

Na wageni waliokuja kwetu, je? Dhahabu ilipoonekana Kakamega mwaka 1931, walifika mamia ya Wazungu, wengi wao wakulima waliofilisika kwa sababu ya bei za mazao kuanguka. Hakuna aliyewauliza cheti cha saa 36. Sheria ya ardhi ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji ni yao milele, na ikichukuliwa sehemu, watapewa ardhi nyingine badala yake. Mwezi wa Desemba 1932 ahadi hiyo ilibadilishwa ili machimbo yaendelee. Maskini wa kigeni walitafutiwa riziki kwa kupindua sheria. Maskini wetu walifukuzwa mjini kwa kuishika.

Uhuru haukumaliza jambo hili. Kenya ilitunga Sheria ya Uhamiaji mwaka 1967, ikawataka wasio raia wawe na vibali. Uganda ikafuata na yake mwaka 1969, na mwezi wa Oktoba 1970 serikali ya Rais Obote, ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi Kenya katika miaka ya 1950, iliamuru wafanyakazi wa Kenya waondoke. Walitoka watu wapatao 30,000, wengi wao Waluo na Waluhya. Walikuwemo waliokaa huko miaka mingi, na watoto wao walijua Kiganda kuliko lugha ya babu zao. Walipofika kwa ndugu zao huku, hawakuwa wageni wala wenyeji hasa, na masufuria ya wenyeji wao hayakuongezeka.

Hoja ya wanachama itasomwa tena katika mkutano ujao. Twaomba mtoa hoja aje tayari kueleza ni miaka mingapi mtu akae Kakamega kabla hajahesabiwa kuwa wa hapa, na kama wazee waliorudishwa kutoka Kampala mwaka 1970 wangalipita kipimo hicho siku ile waliyoshuka na mizigo yao.