Usimamizi wa Madaktari Tarajali katika Maeneo Yenye Uhaba wa Watumishi
Mwanafunzi wa udaktari wa binadamu nchini husoma kwa miaka 5, kisha hufanya utarajali wa mwaka 1 chini ya msimamizi kabla ya kupewa usajili kamili na Baraza la Madaktari Tanganyika. Jijini Dar es Salaam, ambako mafunzo hayo yalianza mwaka 1963, Hospitali ya Taifa Muhimbili ipo Upanga, jirani na Kariakoo. Bingwa wa kushauriwa hayuko mbali. Katika wilaya za pembezoni, msimamizi mara nyingi ndiye pia mhudumu wa wodi, upasuaji na wagonjwa wa nje. Kwa daktari huyo, kufundisha ni kazi inayostahili kutengewa muda, kwa kuwa kosa lisiporekebishwa mapema, anayeumia ni mgonjwa.