MTOTO WA TABORA NA ELIMU YA NYOTA



Ndugu yangu mzazi, ziko nchi ambako watoto hupelekwa makumbusho ya sayansi, wakashika vyombo kwa mikono yao, kisha wakaingia chini ya kuba kutazama nyota za taa. Ni jambo jema. Lakini wewe uliyeko Tabora usijihesabu masikini.

Mpeleke mwanao Kwihara, nje kidogo ya mji. Liko tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, na leo ni makumbusho. Miaka 15 kabla yake, Novemba 1857, Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora hii hii, kwa njia ya misafara itokayo pwani kwenda Ujiji. Aliyewakirimu ni mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Speke alikuwa akipima nyota ili ajue yuko wapi juu ya ardhi.

Na nyota zenyewe? Hadi leo Wazungu huziita kwa majina yaliyotoka kwenye Kiarabu: Aldebaran, Altair, Vega. Abdur-Rahman as-Sufi, Mwislamu wa Uajemi, aliziandikia kitabu karne ya 10. Basi mwanao asidhani elimu hii ni ya wageni.

Ila usimfiche ukweli. Njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi Wanyamwezi, na ikapitisha watumwa. Miongoni mwa wenye misafara walikuwamo waliojua Qibla vizuri na wakaswali kila siku. Nyota humwonyesha mtu njia, hazimzuii kudhulumu akiwa njiani. Kinachomzuia ni kumcha Allah.

Sasa mfanyie jaribio. Tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, jua huwa juu kabisa ya Al-Kaaba. Simamisha fimbo wima uani. Kivuli kitalala upande wa kusini. Mtoto asimame kwenye ncha ya kivuli, aitazame fimbo: hapo ameielekea Qibla. Mkikosa, rudieni tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27.

Usiku mtoe nje, msome pamoja Suratul-An'aam aya ya 97, inayozitaja nyota kuwa uongozi katika giza la bara na bahari. Kisha muulize: ukishaijua njia, utamfanyia nini unayekutana naye?

Allah atujaalie elimu yenye manufaa. Aamin.