Uunganishaji wa programu sambamba

Uunganishaji wa programu sambamba ni kazi ya kugeuza msimbo ulioandikwa kwa C, C++ au Fortran kuwa programu inayoendeshwa na prosesa nyingi kwa wakati mmoja, huku prosesa hizo zikipelekeana ujumbe. Hufanywa kwa amri chache zinazochapwa kwenye mstari wa amri, aghalabu katika Linux. Nchini Kenya mfano wake ulio dhahiri ni utabiri wa hali ya hewa. Modeli ya WRF, inayotumiwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na pia na ICPAC, kituo cha tabianchi cha jumuiya ya IGAD kilichoko Kenya kinachohudumia nchi 11, hukompailiwa kwa njia hii. Kisiwa kidogo kama Manda, katika funguvisiwa la Lamu, huonekana au hupotea katika utabiri huo kulingana na ukubwa wa hesabu ambayo mashine zinaweza kuibeba.

Historia

Katika miaka ya 1980 kila mtengenezaji wa kompyuta kubwa alikuwa na maktaba yake ya kupeleka ujumbe, na programu ya mashine moja haikufaa kwenye nyingine. PVM, maktaba iliyoanzishwa Oak Ridge, Marekani, mwaka 1989, ilipunguza adha hiyo. Mazungumzo ya kupata kiwango kimoja yalianza 1992, na toleo la kwanza la kiwango hicho, MPI, likatoka 1994. MPI-2 ilifuata 1997, MPI-3 mwaka 2012 na MPI-4 mwaka 2021. Mwaka huohuo wa 1994 Thomas Sterling na Donald Becker wa NASA waliunganisha kompyuta za kawaida 16 zikafanya kazi kama moja, wakaiita klasta hiyo Beowulf. Kwa taasisi zenye bajeti ndogo, hilo lilikuwa na uzito zaidi kuliko kiwango chenyewe.

MPI ni maelezo ya kiwango tu. Utekelezaji wake mkuu ni MPICH, iliyotoka maabara ya Argonne, na Open MPI, iliyozaliwa 2004 kwa kuunganisha miradi kadhaa iliyotangulia.

Kukompaili na kuunganisha

Kila mchakato wa programu sambamba una kumbukumbu yake pekee. Ni kama Lamu na Manda: abiria wa ndege hutua Manda, lakini hafiki mjini Lamu mpaka apande boti. Vivyo hivyo namba iliyo kwa mchakato mmoja haionekani kwa mwingine mpaka itumwe kwa MPI_Send na kupokewa kwa MPI_Recv. Taratibu hizo haziko ndani ya lugha ya C wala Fortran. Ziko kwenye maktaba, na maktaba lazima iunganishwe na programu.

Hatua ni mbili. Kwanza kompaila husoma msimbo na kutoa faili lenye kiendelezi cha .o:

mpicc -O2 -c upepo.c

Kisha kiunganishi hukusanya mafaili hayo pamoja na maktaba na kutoa programu kamili, nayo huendeshwa kwa michakato minne, kwa mfano:

mpicc upepo.o -o upepo -lm
mpirun -np 4 ./upepo

Kwa C++ hutumiwa mpicxx. Kwa Fortran, mpif90 au mpifort. Jambo ambalo wanafunzi wengi huchelewa kulielewa ni kwamba mpicc si kompaila. Ni kifuniko kinachoita kompaila ya kawaida, kama gcc, na kuiongezea njia za mafaili ya vichwa na majina ya maktaba. Amri mpicc -show katika MPICH, au mpicc --showme katika Open MPI, hufunua mstari mzima uliofichwa. Anayeuona mara moja huacha kubahatisha.

Mtu akiunganisha kwa gcc peke yake bila kutaja maktaba, kiunganishi hukataa na kuandika kwamba MPI_Init haijulikani. Mpangilio nao una maana: -lm na maktaba nyingine hukaa baada ya mafaili ya .o yanayozihitaji.

WRF na pwani ya Lamu

WRF ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2000. Mtumiaji huweka njia ya NetCDF, maktaba ya kusoma na kuandika data, huendesha ./configure, huchagua dmpar, yaani usambamba wa kumbukumbu zilizotengana, kisha huchapa ./compile em_real. Kazi ikifaulu hupatikana real.exe na wrf.exe. Isipofaulu, hati ya amri bado hufika mwisho. Kinachokosekana ni wrf.exe, na sababu hutafutwa ndani ya rekodi ndefu ya kukompaili.

Kwenye gridi yenye miraba ya kilomita 27, Lamu, Manda, mlango wa Mkanda na sehemu ya bara huweza kuangukia mraba mmoja. Upepo wa matlai kutoka baharini na ule wa umande kutoka bara hazitofautishwi. Kwa miraba ya kilomita 3 kisiwa huanza kupata umbo, ila gharama ni kubwa: kila umbali ukigawanywa kwa 3, miraba huongezeka mara 9 na hatua za muda mara 3, jumla mara 27. Kutoka 27 hadi 3, kwa eneo lilelile, ni mara 729. Ndiyo maana gridi hukatwa vipande, kila mchakato ukachukua chake na kubadilishana kingo na majirani. Upepo wa kusi ukivuka kutoka kipande hadi kipande, namba zake husafiri kama ujumbe.

Hitilafu za kawaida

Katika configure.wrf, faili linalotolewa na ./configure, mstari wa DM_FC huweza kuwa na -f90=$(SFC). MPICH huielewa, Open MPI huikataa. Dawa ni kuifuta.

Hitilafu mbaya zaidi ni ile isiyopiga kelele. Programu iliyounganishwa na MPICH ikiendeshwa kwa mpirun ya Open MPI, michakato minne huweza kuanza, kila mmoja ukijiona uko peke yake, namba 0 kati ya 1. Kazi ileile hufanywa mara nne, na matokeo huonekana sahihi. Kadhalika, mafaili ya .mod ya Fortran yaliyotoka kwenye kompaila moja kwa kawaida hayasomeki kwenye nyingine.

Hali ya sasa

MPI-4 ya 2021 imeshafuatwa na MPI-5 ya mwaka 2025, lakini tahadhari ya kuchanganya matoleo ya utekelezaji ni ileile. Kwenye klasta yoyote ngeni, chapa which mpicc, kisha which mpirun, kabla ya kukompaili chochote: majibu yote mawili yaonyeshe saraka moja.