Namba ya saruji na kipimo cha siku 28

MIFUKO ya saruji inayouzwa nchini Kenya huwa na namba, hasa 32.5 au 42.5. Namba hiyo si uzani. Ni nguvu ya chini ambayo saruji hiyo, ikichanganywa na mchanga maalumu na maji, lazima ifikie maabarani siku ya 28: newtoni 32.5 au 42.5 kwa kila milimita moja ya mraba.

Hata hivyo, namba hiyo haidhamini nguzo. Nguvu ya zege hutegemea pia mchanga, kokoto na maji. Maji yakizidi humrahisishia mwashi kazi, lakini huacha vitundu vinavyodhoofisha zege. Aidha, saruji haigandi kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji kikemia. Ndiyo sababu zege changa hunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa.

Ili kuthibitisha nguvu hiyo, mafundi huchota zege lilo hilo linalomiminwa kwenye nguzo na kulijaza katika kalebu za mchemraba, milimita 150 kila upande. Vipande hivyo hutunzwa majini, kisha hugandamizwa kwa mashine hadi vipasuke, baadhi siku ya 7 na vingine siku ya 28.

Aprili 29, 2016, zaidi ya watu 40 walifariki jengo la orofa lilipoporomoka mtaani Huruma, Nairobi. Majengo huanguka kwa sababu nyingi. Zege hafifu ni mojawapo, na kasoro hiyo huweza kugunduliwa kabla ya mpangaji wa kwanza kuhamia.