Arobaini Ndani ya Karantini

Neno karantini lilizaliwa katika bandari za Bahari ya Adria. Mwaka 1377 watawala wa Ragusa, mji tuujuao leo kwa jina la Dubrovnik, waliamuru wageni waliotoka penye tauni wakae kando siku 30. Baadaye muda huo ukafikia siku 40, na arobaini hiyo ya Kiitaliano ndiyo iliyobaki ndani ya neno. Pwani yetu nayo ina arobaini yake. Mzazi hukaa ndani siku 40, akakandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wenye pilipili manga. Hesabu ni moja, makusudi ni mbalimbali: karantini humtenga mtu ili wengine wasalimike naye, arobaini humtenga ili wengine wamhudumie.

Tofauti hiyo niliifahamu Leicester mwaka 2020. Uingereza ilikuwa imewafungia watu majumbani tangu tarehe 23 Machi. Tarehe 15 Juni maduka yakaanza kufunguliwa, nasi tukadhani dhiki imekwisha. Tarehe 29 Juni ikatangazwa kuwa mji wetu utafungwa tena, huku miji mingine ikijiandaa kufungua. Kilichotuchosha hakikuwa kufungwa kwenyewe, bali kufungwa kusikokuwa na hesabu. Hali ingetazamwa upya baada ya wiki mbili, tukaambiwa. Na baada ya hapo, Mungu ndiye ajuaye.

Nyumbani kwetu, hata hivyo, hesabu ilikuwapo. Binti yetu alizaliwa mwanzoni mwa Juni. Mama mkwe wangu alikuwa Mombasa, tikiti mkononi, lakini Kenya ilikuwa imesimamisha safari za abiria za kimataifa tangu Machi na haikuzirejesha hadi tarehe 1 Agosti. Kwa miaka tisa mimi naye tulikuwa hatujavuka mpaka wa shikamoo na marahaba, kama adabu inavyotaka baina ya mtu na mkwewe. Sasa simu ikawa inalia kila alfajiri.

“Baba, uji umeutia pilipili manga?”

“Nimeutia, mama.”

“Umeutia au umeuonyesha?”

Mke wangu alicheka hadi akashika tumbo. Kicheko hicho, na mvuke wa uji katika jiko dogo, vilitosha kuifungua siku.

Upande wa pili wa ua aliishi mzee aliyetoka Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wamekwisha kuondoka. Halmashauri ya Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku. Walikuja kwa maelfu, na mji ukawa wao. Kiswahili chake hakijamtoka. Siku ile ya tangazo la Juni alinikuta nikianika nepi.

“Mwalimu,” akaniambia, “mimi nilipewa siku tisini za kutoka. Wewe umepewa za kukaa na mtoto. Hesabu zako nzuri.”

Sikumjibu, maana nilikuwa nimezisahau. Jioni ile nikatundika kalenda ya karatasi jikoni, nikaanza kufuta siku, si za serikali bali za mtoto.

Siku ya 40 iliangukia katikati ya Julai, mji ukiwa bado umefungwa. Tulimtoa mtoto nje, tukamzungusha bustanini, bibi yake akiomba dua kwa simu, mzee akitazama kutoka kwenye ua wake. Hapakuwa na mgeni wala sinia la pilau la kupeleka kwa jirani, ila sahani moja tuliyoipitisha juu ya ua.

Nyaraka za mwaka ule zitahifadhi amri, tarehe na idadi ya waliofariki, na ni haki zihifadhiwe. Kalenda ile ya jikoni haina nyaraka ya kuingia. Nimeiweka ndani ya kitabu, pamoja na doa lake la uji.